Kanga ya Khatib

Fremu ya kuchapia bendera ilikuwa imegeuzwa uso ukutani, na wafanyakazi wa laoban Liang, bosi wa kiwanda, walikuwa wamekaa juu ya majora ya pamba, wamekunja mikono. Rangi nyekundu ilianza kuganda ndani ya ndoo. Hasna alisimama mlangoni, mwavuli ukimchuruzika miguuni, akajua kabla hajaambiwa.

"Wamegoma kuchapa," alisema Jaffari, kijana wa Tanga aliyekuja Guangzhou kusoma uhandisi akaishia kuwa mkalimani wa wafanyabiashara. "Twende zetu, dada Hasna. Leo siyo siku."

Kweli haikuwa siku. Wiki hiyo ya Mei ndege za Marekani zilikuwa zimeupiga mabomu ubalozi wa China kule Belgrade, watu wakafa, kisha wakubwa wa Washington wakasema ramani ilikuwa ya zamani. Ramani! Mwenye nguvu hana haja hata ya kutunga uongo mzuri. Wanafunzi waliandamana mpaka Shamian, kwenye ubalozi mdogo wa Marekani, na laoban Liang, mwanamke asiyefunga kiwanda hata akiwa na homa, alikifunga akaenda nao pamoja na wafanyakazi wake wote. Sasa huyu Mwafrika alikuwa amekuja kudai kanga zenye bendera ileile waliyoichoma juzi.

Kanga zenyewe zilikuwa za kumbukumbu. Katikati ya mji wa kanga palichorwa mikono miwili iliyoshikana, bendera ya Marekani upande huu, ya Tanzania upande ule. Chini yake, kwa herufi nyeusi, yalipangwa majina ya wenyeji waliouawa Agosti iliyopita, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam. Khatib, mume wa Hasna, alikuwa mlinzi wa geti.

Kazi hiyo aliletewa na Derick, dalali wa Dar aliyeaminiwa na wafadhili wa sherehe ya kumbukumbu ya mlipuko. Hasna alikuwa akileta michoro ya kanga Guangzhou tangu kabla ya kukaa eda, na Derick hakuhangaika kumbembeleza. "Ifanye wewe, dada. Ni ya mumeo," alimwambia, basi. Kwa neno hilo Hasna alipanda ndege. Katika hotuba zote zilizosomwa tangu Agosti, Khatib alikuwa "na wengineo". Hata makombora ya Marekani yaliyokwenda kubomoa kiwanda cha dawa Khartoum yalirushwa kwa ajili ya marehemu, Khatib akiwamo, yeye ambaye hakuweza kuchinja kuku bila kugeuza uso. Hasna alitaka kitu kimoja tu duniani: jina la Khatib litembee Kariakoo na Temeke, viunoni na mabegani mwa wanawake, mahali ambapo hakuna mkubwa wa kulifuta.

"Akachapishe kwingine," alisema laoban Liang bila kumtazama. "Guangzhou ina viwanda vingi."

Hasna hakuondoka. Aliweka mwavuli chini, akamgeukia Jaffari.

"Mwambie mume wangu hakuwa Mmarekani. Alikuwa anawafungulia geti. Ugomvi ulikuwa wao, maiti ikawa yangu."

Jaffari alitafsiri polepole, akitafuta maneno. Msichana mmoja kwenye majora alikunjua mikono. Laoban Liang akauliza jambo.

"Anauliza, ulibakiwa na mtoto?"

"Binti, Najat. Siku ile alikuwa amempelekea baba yake chai. Kioo kilimwingia jichoni." Hasna alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei, kwa kuwa sauti nyingine zilikuwa zimekwisha. "Wafadhili wameniahidi daktari Nairobi."

"Na jina la mumeo litakuwapo kwenye kitambaa?"

"Litakuwapo. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Laoban Liang alikwenda ukutani, akaigeuza fremu. Aliwaambia wafanyakazi wake maneno machache makali, nao wakaanza kushuka, mmoja akikoroga rangi kwa kijiti.

"Amesema hapa hatuchapi bendera," Jaffari alinong'ona. "Tunachapa jina la mtu. Bendera imejikalia tu hapo."

Hasna aliuokota mwavuli wake, akauegemeza ukutani. Tangu Agosti hakuna aliyekuwa amempa heshima kama hiyo, naye alikuwa ameipata kwa mtu asiyejua hata Dar es Salaam iko wapi.

Kitambaa kilikuwa hakijatandikwa mezani simu ya ofisini ilipolia. Alikuwa Derick, anapiga kutoka Dar.

"Dada, mmeshaanza? Msianze. Kuna badiliko dogo. Majina yanatoka."

"Yanatoka yanakwenda wapi?"

"Yanatoka tu, dada. Wakubwa wamekaa, wameona walinzi walikuwa wa kampuni, siyo wa ubalozi. Wakiandikwa hawa wa kampuni, wale wa ubalozi watauliza. Halafu majina yanakumbusha maiti. Wao wanataka nguo ya urafiki. Chukua kalamu: URAFIKI WETU NA MAREKANI HAUFI."

"Kaka Derick, uliniambia ni ya mume wangu."

"Nilivyoambiwa ndivyo nilivyokwambia."

"Basi sichapi. Tafuta mwingine."

Derick alipumua kwenye simu. Hakupandisha sauti, wenye kushika mpini hawapandishi.

"Mama Najat," alisema, na Hasna akagundua kwamba ameacha kumwita dada. "Faili la macho ya mtoto liko mezani kwa watu haohao. Halijasainiwa. Sikutishi, nakukumbusha tu."

Simu ilikatika. Hasna aliurudisha mkono wa simu mahali pake. Alimchukia Derick, akawachukia wakubwa wake, kisha akajichukia mwenyewe kwa kuwa tayari alikuwa anatafuta kalamu.

"Mwambie kuna makosa kwenye maandishi," alimwambia Jaffari, akimpa karatasi.

Jaffari aliisoma. "Dada, nimwambie nini hasa?"

"Hivyo hivyo nilivyosema."

Laoban Liang hakulalamika. Alisema jina la marehemu halifai kukosewa, akamweka fundi wake hodari atengeneze fremu nyingine, na gharama akakataa kuipokea.

Kesho yake kanga ya kwanza ilitoka mbichi, ikinuka rangi. Laoban Liang aliitundika kwenye kamba kwa vibanio, akaweka machungwa juu ya kiti mbele yake, akachomeka udi kwenye kopo la mchanga, kama wanavyofanyiwa wafu wa kwao. Kisha akapitisha kidole hewani chini ya herufi nyeusi, asiziguse zisije zikafutika, akauliza.

Jaffari alitazama sakafu. "Anauliza kama hili ndilo jina lake."

Hasna alimwona Najat akilini, na kitambaa chake jichoni.

"Ndilo," akasema.

Laoban Liang aliitikia kwa kichwa, akawaita watu wake. Wakavua kofia zao zilizotapakaa rangi, wakajipanga, wale wale waliopiga kelele Shamian mpaka sauti zikakauka, wakainama mara tatu, kwa unyenyekevu wote, mbele ya URAFIKI WETU NA MAREKANI HAUFI.