Mwili Uliomtoka Saadiya

Kila Ijumaa baada ya sala, Saadiya alitoka kwake mtaa wa Malindi akaenda mtaa wa Jang'ombe kumchoma sindano dada yake, Mayasa. Dawa hiyo ya sukari aliituma Junaid, mtoto wa Mayasa aliyeko Maskati, nayo ilikaa katika friji ya Saadiya kwa kuwa ya Mayasa ilishakufa. Saadiya alikuja na sindano imeshatiwa dawa. Mayasa alifumba macho, akachomwa tumboni, kisha wakanywa chai.

"Mbona sioni nafuu?" Mayasa aliuliza.

"Kwani Daktari Kinjal alikwambiaje, dada?"

Daktari Kinjal alisema dawa hii haina haraka. Huanzwa kidogo, ikapandishwa taratibu. Sukari huanza kushuka wiki za mwanzo, lakini mwili kupungua ni kazi ya miezi. Mayasa aliyashika maneno hayo. Kiu ilipomzidi, aliyakumbuka. Kidonda cha mguuni kilipokataa kufunga, aliyakumbuka tena. Saadiya naye alikuwa anapungua. Alisema anafunga Jumatatu na Alkhamisi, na Mayasa akamwombea Mungu azikubali funga zake.

Siku moja baada ya alasiri ikapigwa hodi. Mlangoni alisimama mwanamke mnene, kimo chake hakifiki kiunoni mwa mtu. Uso ulikuwa wa Saadiya, na dera alilovaa pia la Saadiya, amelikunja asijikwae.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndo mwili uliomtoka Saadiya. Sina pa kukaa, nikaona nije kwa mwenye dawa."

Mayasa alimtandikia mkeka, akamuuliza kama ameshakula. Mgeni akasema, "Nshakula," lakini alipoletewa mkate wa kumimina aliumaliza wote.

"Dawa gani hiyo?" Mayasa aliuliza baadaye.

"Yako. Anajichoma yeye. Wewe anakutia maji ya chumvi."

Mayasa alikuwa anakunja nguo. Aliikunja kanga moja, akaikunjua, akaikunja tena.

Mgeni akabaki. Kadiri Saadiya alivyopungua huko Malindi, huyu alirefuka na kulijaza dera. Jirani, Bi Mashavu, alimzoea, akawa anamwazima mbuzi ya kukunia nazi.

Mayasa alimpigia simu Junaid, akamweleza yote.

"Mama, mama mdogo kashanambia kama unasahausahau," alisema Junaid. "Anakuhangaikia, nawe unamsingizia."

Mgeni akaichukua simu. "Junaid, mama yako asemayo ni kweli. Dawa haimfikii."

Junaid akacheka. "Mama mdogo, una mizaha wewe! Alhamdulillahi, kumbe uko naye hapo. Dawa ntazidi kukutumia wewe. Mungu akulipe kwa kumtunza."

Simu ikakatika. Mgeni akairudisha kwa Mayasa, akarudi jikoni kutazama wali.

Ijumaa Saadiya alifika, bangili zikimteleza mikononi kwa wembamba. Aliukuta mwili wake umekaa juu ya mbuzi, unakuna nazi. Akautazama juu mpaka chini.

"Kumbe uko huku," alisema, akavuta kiti.

"Saadiya," alisema Mayasa, "nimekukosea nini?"

"Mume wangu Wakil anataka kuoa mke mwengine, dada. Ulitaka nikae tu namtazama? Wewe mumeo keshakufa, mtu mzima. Unene wako unamkera nani?"

"Sikutaka wembamba mimi. Mimi naumwa."

Saadiya alitoa sindano mkobani, akaiweka juu ya meza. "Dawa inataka muda," alisema. "Daktari mwenyewe kasema."

Mayasa aliuangalia mguu wake. Kidole kimoja kilikuwa cheusi, wala hakikumuuma. Saadiya huyu ndiye Mayasa aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, akamlisha uji kwa kijiko, akampisha kitandani mama yao alipofariki.

"Saadiya," Mayasa aliita.

"Naam," waliitika wote wawili.

"Namwita huyu."

Mgeni akaja na beseni la maji ya uvuguvugu, akaupakata mguu, akaanza kuuosha polepole. Saadiya alinyanyuka, akaaga, akasema Ijumaa atakuja. Hakuweza kukawia. Mzigo mwingine wa Junaid ulikuwa umefika Malindi, na dawa ile haifai kukaa kwenye joto.