Mashati ya Chama cha Wapangaji

Fundi alikuwa akipiga pasi kola, cherehani mlangoni na kitanda nyuma ya pazia, katibu wa chama alipoingia kuagiza mashati ya uchaguzi. Hakuleta vipimo, wala fundi hakuviuliza. Mashati ya Chama cha Wapangaji hukatwa kwa kipimo kimoja, na kila anayeamini kinachoaminiwa na chama humkaa, awe mwembamba kama njiti au mwenye kitambi cha heshima. Mke wa fundi alilivaa lake tangu uchumba, akalivaa na mimba zake zote, na halikumbana hata siku moja.

Katibu alieleza kuwa safari hii ahadi ya kuzuia kodi za nyumba kupandishwa ovyo imeondolewa.

"Wapangaji ni wetu, watatupigia tu, waende wapi?" alisema. "Kura za kutafuta ziko kwa wenye nyumba."

Fundi alimkumbusha kwamba wote wawili wamepanga. Katibu akamwambia asijali, rangi ni ile ile.

Mgombea alikuja kuchukua shati lake Jumamosi. Alikuwa ndiye mwenye nyumba wao, mtu ambaye tumbo humtangulia mlangoni, na fundi alisubiri kwa raha fulani kusikia mshono ukiachia. Likamkaa utadhani kazaliwa nalo. Alijitazama kwenye kioo, akashukuru kwa adabu, akasema kodi inapanda mwisho wa mwezi, na wasioweza wahame.

Alipoondoka, mke alivaa lake. Vifungo havikufika kwenye matundu. Hakuwa amenenepa, tangu augue alikuwa akipungua, na fundi aliujua mwili ule kuliko kitambaa chochote.

"Limenikataa," mke alisema, kama anayesema chumvi imeisha.

"Wewe hujabadilika, mke wangu."

Roho ilimuuma. Alimpenda, na hakutaka aende kupiga kura ameshikilia shati kwa mikono. Akafumua ubavuni, akakata vipande kwenye shati lake mwenyewe, ambalo asubuhi ile lilikuwa limegoma kupita mabegani, akamshonea polepole huku amelivaa, asimchome.

Siku ya kura mke alisimama foleni, katibu akamsifu kwa uaminifu wake, naye akakipigia chama kile kile. Mumewe alipomuuliza kwa nini, alisema kile kingine ni cha wenye nyumba tangu kianze.

Mwenye nyumba alishinda. Mwisho wa mwezi walihama, fundi kabeba cherehani, mkewe kabeba godoro.