Namba Nane Shavuni

Mkuu wa chuo cha wauguzi alikuwa na namba nane shavuni. Pozi aliifuta picha kwa kitambaa, akaisogeza dirishani, akaifuta tena. Nane ikabaki palepale chini ya jicho la kushoto, kama kovu la chanjo.

Watu walimwita Pozi kwa sababu ya neno lake la kila siku: "Haya, weka pozi!" Miaka kumi na saba alikuwa akipiga picha za nyeusi na nyeupe katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya shangazi yake, na filamu akizisafisha mwenyewe. Uso wenye namba hakuwahi kuuona. Akatazama picha nyingine za ukanda uleule wa filamu: saba kwenye paji la uso, tisa kwenye kola.

Mama huyo mkuu wa chuo alikuwa anastaafu, na picha ilitakiwa itundikwe ukumbini Ijumaa. Pozi akadhani dawa za kusafishia filamu zimechacha. Akamwaga zote, akachanganya mpya, akamwomba mama arudi. Namba zikatoka tena, hafifu kidogo.

"Mwanangu," mama mkuu alisema akiishika picha kwa ncha za vidole, "mimi ni mtu au ni mlango wa ofisi?"

Pozi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alifungua kamera, akachungulia lenzi, akaifunga. Hakuona kitu. Ndipo akaokota ile karatasi nyeusi inayoviringishwa pamoja na filamu, yenye namba za kumwonyesha mpigaji amefika picha ya ngapi. Akailaza kando ya ukanda. Nane kwa nane, tisa kwa tisa. Sasa ndipo akachanganyikiwa kabisa: karatasi na filamu zimelala pamoja miaka yote bila ugomvi, leo wino umehamaje?

Akaenda jikoni kuchukua filamu nyingine. Kopo alimozihifadhi ndani ya friji lilikuwa linatoka jasho. Friji lilikuwa kimya.

"Shangazi, nani kazima friji?"

"Mimi," shangazi alijibu, mikono ikiwa kwenye maharage. "Nikishakunywa chai asubuhi nalizima, jioni naliwasha. Linanguruma kutwa kucha, maskini. Hata punda hupumzishwa."

"Tangu lini?"

"Tangu lianze kukohoa. Miezi mitatu hivi."

Miezi mitatu! Kila siku filamu zilipata joto, zikalowa, zikapoa tena, na karatasi ikagandamana nazo. Pozi alifungua kinywa afoke, kisha akatazama ndani ya kopo. Filamu tatu za chini zilikuwa bado kwenye pakiti zao, kavu. Zile kumi na nne za juu zilikuwa uchi. Ni yeye mwenyewe aliyezivua pakiti, ili zienee kopo moja na asihangaike kuchana pakiti wakati mteja ameshakaa. Akabaki na hasira isiyojua pa kwenda.

"Nimekuharibia kazi?" shangazi aliuliza, sauti imeshuka.

"Tumeharibu wote wawili, shangazi."

Alitoa moja ya zile zenye pakiti, akaiacha mezani saa nzima mpaka baridi ikaisha, ndipo akaichana. Mama mkuu alikuja mara ya tatu, akaketi bila kulalamika. Picha ilitoka safi, uso mtupu kama Mungu alivyouumba. Hata hivyo Pozi aliikagua kwa kioo cha kukuzia, kona kwa kona.

"Unatafuta nini tena?"

"Hata sijui, mama."

Picha ilitundikwa Ijumaa. Zikabaki zile kumi na nne. Kwa nje zilifanana zote, na hapakuwa na njia ya kujua ipi imepona bila kuipiga. Alizitia mfukoni, akazitoa, akazirudisha. Mwishowe akazitupa jalalani zote, akarudi ndani akiwa na hakika nusu tu kwamba hakutupa na zilizo nzima.