Vichwa Vinne Ukutani

Binti kinyozi alikuwa amelipanga jambo lake vizuri. Kioo kingeletwa mchana, wakati baba yake huwa amejilaza. Ubao ungeshushwa, kioo kingepanda, na mzee angekuja kesho yake akute maji yameshamwagika. Maji yakimwagika hayazoleki, na baba yake alikuwa mtu wa kukubali yasiyozoleka. Shida yake ilikuwa maji ambayo bado yamo kikombeni.

Lakini siku nayo ilikuwa na mpango wake. Fundi wa vioo ndiyo kwanza alikuwa anakiegemeza kioo kwenye meza ya mashine, jasho linamtiririka, pazia la mlangoni likafunuliwa. Wakaingia wazee wawili: baba yake mbele, na nyuma yake rafiki wa baba, yule mrefu aliyekonda ambaye mtaa mzima humwita Panzi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mzee wangu."

"Hicho kioo ni cha nani?" baba aliuliza kabla hata ya kuitikia.

"Cha kwetu, baba."

"Kinakwenda wapi?"

 Macho ya binti yakamponyoka yakaenda ukutani, na ya mzee yakayafuata.

Ubao ulikuwa pale tangu binti hajajua kutembea. Ulikuwa mpana kuliko mlango, umechorwa kwa rangi ya mafuta vichwa vinne vya watu, kila kimoja na mtindo wake wa nywele, na chini yake jina. Zamani uwanja wa michezo ulikuwa hatua chache kutoka saluni hii, na vichwa vyote vinne vilikuwa vya wanamichezo walionyolewa na baba yake kwa mkono wake.

Cha kwanza kilikuwa cha Bondia. Juu ya sikio lake kulikuwa na mstari mwembamba kama wa wembe. Chanzo chake kilikuwa kovu. Alishonwa pale baada ya pambano, na nywele zikakataa kuota. Haukupita muda, vijana ambao hawajawahi kupigwa hata kofi wakaanza kuja kuomba wachongwe mstari. Cha pili cha Bi Masafa, mkimbiaji wa mbio ndefu, mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha saluni ile. Aliomba nywele zote zikatwe chini kabisa. "Zinakunywa jasho," alisema, "halafu mzigo naubeba mimi." Cha tatu cha Panzi mwenyewe, enzi hizo mruka juu, kipara cha wembe kinachong'aa, kwa kuwa aliamini unywele mmoja tu unatosha kuutikisa ufito ukaanguka. Na cha nne cha Kipa, nywele fupi kwa mbele, ndefu pembeni, zimefunika masikio.

Wateja waliagiza kwa majina hayo. "Nipige Bondia." "Nipunguzie Bi Masafa, dada, lakini usinimalize." Wengi hawakujua kama majina yale yaliwahi kuwa na wenyewe.

"Baba," binti alisema, "nimeagiza kiti cha pili. Wateja wanasubiri hadi wanaondoka. Kile kioo kidogo hakitoshi viti viwili, na ukuta mwingine sina. Huku mlango, huku dirisha, na ule wa nyuma ukiupigia msumari utaanguka wote."

Mzee alikaa kwenye benchi, akaweka viganja juu ya magoti. "Sikukatazi," alisema. "Saluni ni yako sasa."

Binti akashusha pumzi, lakini si kwa faraja. Baba yake akisema sikukatazi, ujue amekataza mara mbili.

"Dada," fundi wa vioo akaingilia, mikono yote miwili imeshika kioo, "mimi nina subira, kioo hakina. Akipita mtoto hapa na mpira, nitakuwa nimekuletea vioo vingi kuliko ulivyoagiza."

"Nivumilie kidogo, fundi."

"Navumilia. Nilikuwa nakupa habari tu."

Wakiwa hapo akaingia kijana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alisalimia, akakaa kwenye kiti, akajifunga shuka mwenyewe kama mtu mwenye haraka.

"Nikunyoe vipi?" binti akauliza.

Kijana akanyoosha kidole ukutani. "Ile ya tatu."

Baba mtu akageuka. Panzi akakohoa, akasogea mbele kwenye benchi. "Mjukuu wangu, hiyo ya tatu inaitwaje?"

"Panzi, mzee."

"Na kwa nini iitwe Panzi?"

"Si unamjua panzi, mzee? Kichwa chake hakina hata unywele. Kinang'aa hivi, kama kimepakwa mafuta."

Fundi wa vioo akacheka mpaka kioo kikacheka naye. Baba wa kinyozi alifungua mdomo kusema neno, Panzi akamkanyaga mguu. Mdomo ukafungwa.

"Umeelimika wewe," Panzi akasema taratibu. "Na nani aliyekuonyesha mtindo huu? Vijana wenzako naona wanafuga misitu."

"Baba yangu hunyoa hivi. Na babu naye, Mungu amrehemu, alikuwa hivi hivi. Alituambia, ukiwa na jambo zito mbele yako, siku moja kabla yake nyoa Panzi. Utapita juu yake."

"Na wewe una jambo gani?"

"Kesho nakwenda kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Mara ya tatu hii. Mbili za mwanzo nilikwenda na nywele."

 Panzi alitoa leso mfukoni, akaikunjua, akaitazama kama anatafuta kitu ndani yake, akaikunja tena. Wembe ukaanza kazi. Binti alikuwa na mkono mwepesi. Povu lilishuka na nywele, kichwa kikatokea mduara wake polepole. Alipomaliza alimpaka spiriti, kijana akakunja uso, akajitazama kwenye kioo kidogo kushoto na kulia, akaridhika.

Alipokuwa anatoka Panzi akamwita. "Mjukuu wangu."

"Naam, mzee."

"Utapita. Usiuguse ufito tu."

Kijana alitabasamu kwa adabu, kama watu wanavyowatabasamia wazee ambao maneno yao hawakuyaelewa, akaenda zake.

"Kwa nini ulinizuia?" baba wa kinyozi akaja juu. "Mtu anakutukana kuwa kichwa cha mdudu, nawe unampa baraka!"

"Ningemwambia nini? Kwamba Panzi ni huyu mzee anayepanda ngazi kwa kushika ukuta? Kesho angekwenda kuhojiwa na picha ya magoti yangu." Panzi akacheka. "Sikiliza, bwana. Umeniona? Nimetoka mlangoni sasa hivi, shati limenyooka, kesho naruka. Sasa ule ubao mimi wa nini? Mwache mtoto atundike kioo chake."

"Kwako ni rahisi kusema." Sauti ya mzee ilishuka. "Wewe unatoka hapa kila wiki kwa miguu ya watu. Bondia hivyo hivyo. Bi Masafa, wanawake wanapanga foleni. Na Kipa je?"

Akamgeukia binti yake.

"Nani anaomba Kipa? Mwanangu, wewe umewahi kumnyoa mtu Kipa?"

Binti alifikiri kwa haki. Alijaribu kukumbuka hata mmoja, ili amwambie baba yake. "Hapana, baba," alisema. "Hata mmoja."

"Basi. Goli lenyewe lilishang'olewa, pale sasa wanauza matofali. Mke hakuacha, mtoto hakuacha. Amebaki pale tu." Akaonyesha kichwa cha nne kwa kidevu. "Ukimshusha pale, hana mahali pengine pa kukaa. Ni hilo tu, mwanangu. Si kwamba nakuonea wivu kwa kioo chako."

Sasa binti akajua jiwe liko wapi kwenye mchele. Miezi yote aliyolipanga jambo hili alidhani baba yake anaupenda ubao kwa kuwa ni wa ujana wake, na akajiandaa kwa ugomvi wa aina hiyo. Hakujiandaa kwa huu. Aliutazama ubao, akamtazama fundi aliyekuwa anabadilisha mguu wa kusimamia, akamtazama baba yake. Mzee alikuwa na nywele nyingi, nyeupe, zilizopitisha muda wake wa kukatwa.

Akalikung'uta shuka, akaligeuza. "Baba, njoo kwenye kiti."

"Sikuja kunyolewa."

"Nataka unifundishe Kipa."

Mzee akamtazama kama amesikia vibaya.

"Nenda, bwana," Panzi akasema. "Ningejitolea mimi, lakini unaona mwenyewe, sina mtaji."

Mzee alikwenda. Binti akamfunga shuka, akachana nywele, akainua macho ukutani kupima, akaanza kwa mbele kama picha ilivyoonyesha. Kisha akahamia pembeni, kulia, akiziacha ndefu zifunike sikio.

"Wapi unakwenda?" baba akasema. "Kulia kata. Kata mpaka sikio lote lionekane."

"Pichani zimeachwa, baba."

"Kipa hakuwa hivyo. Kushoto ndiko aliacha. Kulia fupi kabisa."

Mashine ikazimwa. Binti akatazama ubao tena, na Panzi naye akainuka kuusogelea, macho yamekazwa. Kichwa cha nne kilikuwa sawa pande zote, kimepangika kama mkate.

"Lakini ni kweli," Panzi akasema. "Huyu siye. Miaka yote hii namtazama, huyu siye!"

"Mchoraji alimsawazisha," mzee akasema polepole, kana kwamba anakumbuka huku anasema. "Nilikuta rangi imeshakauka. Akaniambia kichwa cha upande kitafukuza wateja, watadhani kinyozi mlevi. Kipa mwenyewe alipouona alicheka. Akasema, nimeponywa sikio bila daktari."

"Sikio lilikuwa na nini?" binti akauliza. Mashine ilianza tena, sasa upande wa kulia, fupi.

"La kushoto lilipasuliwa na mlingoti wa goli. Aliurukia mpira uliokuwa unatoka nje."

"Unatoka nje?"

"Nje kabisa!" Panzi akadakia. "Hata mimi nilimpigia kelele, acha, unatoka! Akaruka kama amerushwa na mtu. Puu, kwenye mlingoti. Tulipomuuliza kwa nini, akasema, nilijuaje, mpira haukuniaga."

Mzee akaanza kucheka, mabega yakatikisika chini ya shuka, binti akalazimika kuinua mkono. "Ndipo akaja hapa, bendeji imeloa. Akaniambia, huku kushoto niachie nifiche aibu. Huku kulia kata vizuri, niwasikie mabeki wakinilaumu."

Binti naye akacheka. Fundi wa vioo alikuwa ameshakiegemeza kioo vizuri, amekaa juu ya ndoo, anasikiliza. Alikuwa hajawahi kumwona Kipa maishani mwake, lakini aliuliza, "Na wakamlaumu?"

"Kila siku ya Mungu," Panzi akasema. "Na alidaka."

Mzee alijitazama kwenye kioo kidogo. Kilionyesha upande mmoja tu wa kichwa kwa wakati, ikabidi ageuke huku na huku kujikusanya. Kisha akautazama ubao, akautazama kwa muda mrefu, uso wake umetulia.

"Nimekuwa namwangalia mtu mwingine," alisema. "Fundi!"

"Naam, mzee."

"Shusha huo ubao."

"Una hakika, baba?" binti akauliza.

"Shusha, nimesema. Naona nusu ya kichwa changu hapa, kinyozi gani hana kioo?"

Fundi hakusubiri aambiwe tena. Misumari ilitoka kwa mlio, ubao ukaja chini na vumbi la rangi ya chokaa, na ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe kuliko saluni nzima. Panzi aliuomba ubao kwa ajili ya banda lake la kuku, ambalo halikuwa na mlango. "Bondia atawalinda," alisema. "Na Bi Masafa, mwizi akikimbia, hafiki mbali."

Kioo kikapanda. Kilikuwa kikubwa; mlango, dirisha, benchi, na watu wote wanne, vyote viliingia humo vikabaki na nafasi. Mzee alijiona mzima, kulia sikio liko wazi, kushoto limejificha nyuma ya nywele nyeupe.  Aligeuza shingo kidogo, akaridhika, akarudisha.

Binti akahamia nyuma. Akainamisha kichwa cha baba yake kwa vidole viwili, akasita.

"Na kisogoni, baba? Alikuwa anaishia wapi?"

Mzee akafikiri. Kwenye kioo uso wake ulikunjamana. "Kisogo... hapo sikumbuki, mwanangu. Nilimnyoa mara nyingi, lakini wallahi hapo sikumbuki."

"Mimi nakumbuka," Panzi akasema kutoka kwenye benchi. "Shimo langu la mchanga, la kuangukia nikiruka, lilikuwa nyuma ya goli lake. Nimekitazama kile kisogo kuliko nilivyomtazama mke wangu."

Akainuka kwa kushika ukuta, akaja taratibu mpaka nyuma ya kiti, akaweka kidole kwenye shingo ya rafiki yake. "Hapa. Alikuwa anaishia hapa, mraba, si duara."

Mzee akaruka kwenye kiti. "Kidole chako baridi kama chura!"

"Tulia wewe, Kipa," Panzi akasema, wala hakukiondoa, na binti akaiwasha mashine akaipitisha pale kidole kilipokuwa.