Nyumba Iliyosogelea Machimbo

Mpimaji wa ofisi ya vibali alimwomba mama mkwe wake ashike ncha ya utepe pale kizingitini, naye akatembea nao kuelekea vigingi vyekundu ambako machimbo ya changarawe yangeanzia. Kanuni ilisema wanaoishi ndani ya mita mia mbili ni majirani, na majirani ndio wanaoulizwa maoni yao. Mlango wa mama mkwe uliangukia nje ya mpaka kwa upana wa jiko. Alipima tena, akiomba kimoyomoyo awe amekosea. Hakuwa amekosea.

Mama mkwe alikuwa na shida moja tu, kisima. Kilichimbwa na marehemu mumewe kwa mikono yake, na kilikuwa mbele ya nyumba, ndani kabisa ya mpaka.

“Kisima kimo, Mama,” mpimaji alisema, “lakini kinachopimwa ni mlango.”

“Basi niwasogezee mlango,” alijibu mama mkwe, akaingia ndani kumtengea chai.

Wakati wa chai mpimaji alimweleza kama alivyowaeleza wote. Kampuni ingechimba changarawe huku ikivuta maji kwa pampu ili mashine zifanye kazi pakavu. Ikimaliza, ingelikandika shimo udongo wa mfinyanzi lisivuje, kisha ingelijaza maji ya kunywa ya mji. Kwenye mchoro bwawa lilikuwa la buluu, na ukingoni ilitembea familia yenye furaha ambayo hakuna aliyeifahamu.

Kibali kikatoka. Pampu zikanguruma, na kisimani kamba ikawa fupi kila wiki. Mama mkwe aliiunga kwa kamba ya kuanikia nguo, akaiunga tena kwa mkanda wa marehemu. Ndoo ikaleta tope, kisha ikaleta vumbi.

Ndipo nyumba ilipoanza kusogea. Ilisogea mchana kweupe, polepole, na kila mtu aliyepita aliona. Kuta hazikupata ufa wala sukari haikumwagika kwenye kopo. Choo kilibaki nyuma, na hilo ndilo pekee mama mkwe alilolalamikia, kwa kuwa miguu yake haikuwa ya kwenda mbali. Kuku walizubaa siku mbili tatu, kisha wakazoea kuifuata.

Mpimaji alikwenda na utepe wake. Nyumba ilikuwa imeingia ndani ya mpaka, tena kwa nafasi ya kutosha. Alifurahi, akarudi ofisini mbiombio.

Mkuu wake alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapokataa jambo.

“Siku ya maombi ya kibali nyumba ilikuwa wapi?”

“Nje ya mpaka, bosi.”

“Basi iko nje ya mpaka,” alisema mkuu, akaanza kufuta miwani.

Mpimaji angeweza kubisha. Alikuwa na hoja. Lakini alikuwa na cheo kilichokuwa njiani, akauviringisha utepe wake akatoka, na njia nzima ya kurudi nyumbani alijiona mdogo kama kisoda. Mkewe alimpakulia chakula. Alipoinuka kutoa vyombo alisema, “Ulimpima mama yangu vizuri,” akavipeleka jikoni.

Nyumba ilifika kisimani, ikasimama juu yake kwa muda. Siku hizo mama mkwe alisikia pampu zikivuta chini ya kitanda chake, na katikati ya mvumo huo sauti ya marehemu ikikohoa, kama mtu aliyepaliwa na vumbi. Alimpa pole kupitia sakafuni. Kisha nyumba ikaendelea na safari. Kwenye uzio wa kampuni mlinzi alifungua lango pande zote mbili ili kuta zisikwaruzwe, akamkabidhi mama kofia ngumu, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa humo bila kofia.

Nyumba iliteremka shimoni kwa barabara ya malori, ikishika upande wake, na malori yalipunguza mwendo kuipisha. Ilituama chini kabisa, mahali palipochimbwa mwisho. Changarawe ilikuwa imekwisha. Mafundi walishindilia udongo wa mfinyanzi kuizunguka nyumba, wakamwomba mama radhi kwa kelele. Yeye aliwauliza tu kama sasa amekuwa jirani. Walimjibu kwa heshima kwamba swali hilo ni la ofisi.

Maji yakafunguliwa. Yalipanda ngazi, yakapita madirisha, yakafunika bati. Mama mkwe alifunga mlango kwa komeo kama anavyofunga mvua inapokuja. Bwawa lilipimwa uvujaji, na maji yakapungua kwa kiasi kinachokaushwa na jua tu. Cheti kikatolewa.

Jioni moshi wa jiko lake hutoka katikati ya bwawa, ukanyooka. Maji yakitulia, bintiye hukaa ukingoni akamtazama akifagia uani, kofia ngumu kichwani, kuku wakimzunguka miguuni. Akimpungia mkono, mama hupunga pia.

Mpimaji alipata cheo. Kazi yake sasa ni kusoma kina cha bwawa kila asubuhi, na kila asubuhi mama mkwe wake hutoka majini kwa barabara ya malori, gauni kavu, vumbi miguuni, ndoo mkononi. Mpimaji humwamkia, naye huitikia kwa upole unaomuumiza mkwewe kuliko tusi. Siku moja alijikaza akamuuliza huko chini anaishije.

“Maji yamejaa mpaka darini, mwanangu,” alisema mama mkwe. “Lakini nimeambiwa ni ya mji, nisiyaguse.”

Mlinzi aliipindua ndoo ya mama mkwe, akaigonga kitako kuhakikisha ni tupu, akamruhusu apite kwenda kupanga foleni kwenye lori la maji. Alirudi jua likiwa kali, ndoo imejaa kichwani, akateremka nayo bwawani taratibu, hatua kwa hatua, akiangalia lisimwagike hata tone.