Kicheko cha Safu ya Tatu

Kazi yangu ilikuwa kucheka. Mchana nilishona nguo, lakini mdogo wangu alipopanda jukwaani, nilikaa safu ya tatu, kiti cha pembeni, nikacheka kabla ya watu wote. Wakati huo hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kusimama peke yake na kipaza sauti akachekesha ukumbi. Wanaume walikunja mikono wakamtazama kama fundi bomba aliyekuja bila spana. Wanawake ndio walioniuma zaidi: utani ukiwakolea, walimtazama kwanza mume. Mume akicheka, nao wanacheka. Ndiyo maana alinihitaji. Kicheko changu ni cha aibu, kinaanza kwa kukoroma na hakina breki, na mtu akikisikia anaona afadhali naye acheke tu.

Tulikuwa na sharti moja: asinitie kwenye vichekesho vyake. Baba alimtia, mama alimtia, mwenye nyumba alimtia mpaka tukafukuzwa. Mimi hapana.

Kisha mwenye ukumbi mkubwa akampa jioni nzima, peke yake. Akamwambia wazi kwamba watu wasipocheka, mwanamke mwingine hatakanyaga jukwaa lile. Wiki hiyohiyo mume wangu akaniacha.

Nilikwenda hivyohivyo. Mdogo wangu akatoa utani wa kwanza. Nikafungua mdomo, kicheko hakikuja. Akatoa wa pili. Ukumbi ulikuwa kimya mpaka nikasikia mtu akimenya pipi. Akaniangalia. Nilijua anachotaka kufanya, nikamtikisia kichwa.

“Shemeji yangu ameondoka,” akasema. “Kachukua redio. Kachukua godoro. Kachukua mpaka mapazia aliyoshona dada. Kaacha kitu kimoja tu: pasi. Hakuwahi kuishika, hakujua kama ni ya humo ndani.” Akasogeza kipaza sauti mdomoni. “Basi mkikutana na mwanamume barabarani, shati limejikunja, nisalimieni shemeji.”

Wanaume wakaanza kukagua mashati yao. Wanawake wakaangua kicheko, na hakuna hata mmoja aliyemtazama mumewe kwanza. Nililiona hilo vizuri, maana mimi peke yangu sikucheka. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Asubuhi alinikuta kwenye chumba changu cha kushonea, napiga pasi kola.

“Umeniuza,” nikamwambia.

“Nimekuuza, dada.”

“Mbele ya watu.”

“Sikuwa na kingine.”

Nilitaka ajitetee ili nimrushie kitu. Hakujitetea. Alisema tu kwamba hataurudia utani ule, akanikunjia nguo zilizokuwa tayari, akaenda zake.

Na kweli hakuurudia. Akapata jina, akasikika redioni, wasichana wakapanda majukwaa nyuma yake. Sifa za utani ule zilimtangulia kila mji, watu walipiga kelele “Pasi! Pasi!” naye akajibu, “Pasi imeungua,” akaendelea na mengine. Aliuacha utani wake bora kwa ajili yangu. Nilijua, na bado sikurudi safu ya tatu. Nina kichwa kigumu. Nyumbani tuliongea yote, ya watoto, ya magoti yake, isipokuwa hilo.

Magoti ndiyo yaliyomstaafisha. Gauni la kuagia nilimshonea mimi, na safari hii nikaenda. Ukumbi ulijaa, ila kiti cha pembeni, safu ya tatu, kilikuwa kitupu. Mhudumu akaniambia hakikaliwi. Ni agizo la mama mwenye onyesho, kila ukumbi anaokwenda. Nikamwambia mimi ndiye mwenyewe, nikakaa.

Katikati ya onyesho wakaanza: “Pasi! Pasi!” Mdogo wangu akatikisa kichwa.

“Waambie,” nikasema kwa sauti.

Akaweka kiganja juu ya macho kuzuia taa, akanitazama muda mrefu.

“Shemeji yangu ameondoka,” akaanza.

Hapohapo nikacheka. Redio bado, godoro bado. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama bibi anayekoroma peke yake bila sababu, na mdogo wangu ikabidi atugeuzie mgongo kwanza, afute macho, ndipo afike kwenye pasi.