Spika za Gari la Bwana Kihara

Ajwang alianza na meza. Aliishika ukingoni kwa mkono mmoja, akaipindua, na redio zote ambazo Zadock alikuwa amezifungua tangu asubuhi zikamwagika sakafuni, skrubu zikakimbilia nje miguuni mwa wapita njia. Kisha akamgeukia Zadock mwenyewe. Kofi la kwanza lilimbamiza ukutani. La pili lilimkuta akiteleza chini, likampasua mdomo.

"Spika zimeungua tena," Ajwang alisema. "Umeniuzia karatasi, fundi."

Zadock Were alimeza damu. Alikuwa na kibanda chake hapo River Road, cha kutengeneza redio za magari, na pua yake ilikuwa imeshampa habari kabla ya kofi. Harufu ya koili, ule waya wa ndani ya spika, iliyoungua ilikuwa ikitoka ndani ya ile Pijo nyeupe iliyoegeshwa mlangoni, vioo vikiwa wazi. Alitazama kibanda cha pili. Wambua, fundi mwenzake, alikuwa amesimama pale na mkono wake wa kulia kwenye plasta. Wambua ndiye aliyeweka spika za kwanza za gari hilo. Zilipoungua, Ajwang aliushika mkono wake, akauweka penye mlango wa gari, akaufunga mlango. Hakuna aliyekwenda polisi. Gari lilikuwa la Bwana Kihara wa Loresho, mtaa wa matajiri, na watu wa River Road walijua Bwana Kihara anakunywa chai na nani.

Ajwang alikuwa dereva wake. Zamani alikuwa bondia wa uzito wa juu, watu wakilipa kumwona, na bado alitembea kama mtu anayetafuta kona yake ulingoni.

"Ndugu Ajwang," Zadock alisema, "nilikueleza. Spika zako ni nzuri. Busta yako, ile mashine ya kuzipa nguvu, ni ndogo."

"Nilitaka kelele. Nikanunua spika kubwa. Sasa kosa liko wapi?"

"Wewe ulikuwa bondia. Mtu akiishiwa pumzi, na bado analazimishwa kurusha ngumi, anarusha nini?"

Ajwang alitazama ngumi zake. "Mikono tu."

"Ndiyo hivyo. Busta ndogo ukiifungulia mpaka mwisho, sauti inaisha, inabaki joto. Spika inaanza kukoroma. Badala ya kucheza mbele na nyuma, koili inakwama pale pale, inapikwa. Gundi inayeyuka, waya unaungua. Niliweka alama pale kwenye kitufe cha busta, rangi ya kucha ya mke wangu, nikakwambia usipite hapo. Nani aliikwangua?"

Ajwang alimshika shati kifuani, akampiga kichwa usoni. Zadock aliona weupe, kisha akajikuta anaburutwa nje, viatu vikikwaruza saruji. Watu walipisha njia. Nthenya, aliyekuwa akiuza uji pale nje, alivuta sufuria yake kando asimwagiwe.

"Bwana Kihara ananiambia hivi," Ajwang alisema akifungua mlango wa dereva. "Spika zikiungua mara nyingine, nitoke Loresho na mabegi yangu. Leo utaweka zingine, na utazipima mbele yangu."

Zadock aliziweka, kwenye kibao cha nyuma, pua ikimwaga damu juu ya kitambaa cha viti. Alipomaliza aliamriwa aketi kwenye kiti cha dereva. Ajwang akauchukua mkono wake wa kulia.

"Huu ndio wa kazi, sivyo?"

Akauweka kwenye nguzo ya mlango, pale kufuli inapoingilia, vidole vikiwa nje. Akasimama kando ya gari, mlango mkononi, akitazama barabara.

"Pima na huo wa kushoto. Zikikoroma mbele yangu, nafunga."

Wambua, pale kibandani kwake, aligeuza uso.

Zadock alihisi ubaridi wa chuma chini ya vidole. Kazi hiyo ilikuwa na njia moja tu, naye aliijua kama sala. Unaweka kaseti yenye gitaa na besi nzito. Unafungua redio robo tatu. Busta unaianzia chini kabisa, unaipandisha polepole mpaka spika ikorome. Hapo ndipo penye mwisho wa nguvu zake. Ukishapasikia, unarudi nyuma kidogo, unaweka alama. Usipousikia mkoromo hujapima kitu, umekisia. Na kama angekisia, Ajwang angerudi, kwake au kwa fundi mwingine.

Aliweka kaseti. Gitaa likaanza. Akapandisha busta, na besi ikajaa garini, safi, ikimgonga mgongoni. Akapandisha tena. Sauti ilikuwa bado safi. Akafumba macho, akakunja tumbo kama mtu anayesubiri sindano, akapandisha kidogo zaidi.

Spika zikakoroma.

Zilikoroma kwa nguvu, kama mabati yanayoburutwa. Zadock alingoja mlango.

Mlango haukuja. Alifumbua macho. Ajwang alikuwa bado anatazama barabara, sikio lake la kushoto, lile lililovimba na kukunjamana kwa ngumi za miaka, likielekea garini. Kichwa chake kilikuwa kikitikisika kufuata ngoma. Alikuwa anafurahi.

Hasikii, Zadock aliwaza. Sikio lililo upande wa redio anapoendesha limekufa. Ndiyo maana anafungua mpaka mwisho. Haraka akaanza kurudisha kitufe.

"Mama yangu!" Nthenya alipaza sauti toka kwenye uji wake. "Hizo spika zinakoroma kama ng'ombe anachinjwa!"

Watu wakacheka. Ajwang akageuka. Alitazama vinywa vilivyokuwa vinacheka, kimoja baada ya kingine, kisha akainama kwa Zadock.

"Zimekoroma?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Zadock angeweza kusema hapana. Angeweza kusema mama wa uji anatania. Lakini kila mtu barazani alikuwa amesikia, na spika zingeungua tena kabla ya Jumapili.

"Zimekoroma," alisema. "Ni sikio lako, ndugu yangu. Mwambie daktari, mwambie Bwana..."

Mlango ukaja.

Alisikia vidole kabla ya kuhisi uchungu, sauti kavu kama ya kuni. Alipiga ukelele, akavuta, mkono haukutoka. Ajwang aliufungua mlango, akamtoa kwa kola, akamtupa chini, akampiga teke mbavuni, na tena. Kisha akasimama, kifua kikipanda na kushuka.

"Nikisema ni sikio, Bwana ananifukuza leo leo," alisema. "Dereva kiziwi! Nitakwenda wapi?"

Zadock alijikokota mpaka kwenye gurudumu, akaegemea. Vidole viwili vilikuwa vimegeukia pembeni. Alitaka mtu huyu aondoke na asirudi tena maishani mwake.

"Kuna njia," alisema, meno yakigongana. "Utapima kwa mkono. Ingia nyuma. Weka kiganja juu ya spika."

Ajwang alikunja mkono wa shati. Akafungua mlango wa nyuma, akajipinda ndani, mwili mkubwa nusu ndani nusu nje, kiganja cha kushoto juu ya spika. Ili asianguke, alishika nguzo ya mlango kwa mkono wa kulia.

Zadock alipanda kiti cha mbele kwa magoti, akapandisha busta kwa mkono mzima.

"Hapo ni safi. Inakusukuma?"

"Inapumua. Kama kifua."

"Sasa?"

"Inatetemeka. Kama nyuki."

"Huo ndio mkoromo. Ukihisi nyuki, rudi nyuma." Akarudisha.

"Imepumua," Ajwang alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, karibu ya mtoto. "Imepumua, fundi."

Hapo Zadock akamwona Wambua kupitia kioo. Alikuwa ametoka kibandani kwake na amefika nyuma ya mlango ulio wazi, plasta ikiwa imekumbatiwa kifuani. Alikuwa anatazama ile nguzo ya mlango na vidole vinene vilivyoishika. Akainua macho, yakakutana na ya Zadock.

Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja. "Mkono," au "Ajwang" tu. Zadock alifungua mdomo. Akaufunga.

Wambua aliusukuma mlango kwa bega, na uzito wake wote.

Ukelele wa Ajwang ulifika mpaka kituo cha mabasi. Wambua hakuondoa bega. Alibaki ameegemea, macho yamefumbwa, mpaka watu wakamvuta. Ajwang alitoka kinyumenyume, akakaa kwenye saruji karibu na sufuria ya uji, ameukumbatia mkono.

"Nani atapeleka gari Loresho?" alikuwa akiuliza. "Jamani, nani atapeleka gari?"

Gitaa lilikuwa bado linapigwa, kubwa na safi, bila mkwaruzo wowote. Zadock alitoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni, akakifungua kwa meno, na kwa mkono wa kushoto akadondosha tone moja jekundu juu ya kitufe cha busta. Akalipuliza mpaka likakauka.